Mtoto Mtulivu kwa Wengine, Mtukutu kwa Mama Yake

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Morogoro, fundi cherehani anayefanyia kazi barazani kwake. Mwanawe wa kiume ana miaka minne na nusu. Chekechea anasifiwa kwa utulivu, na akipelekwa kwa bibi yake Kilosa ananawa mikono kabla hajaambiwa. Lakini akiwa nyumbani na mama yake humwaga unga, huficha bobini za cherehani, humpokonya mdogo wake wa miezi minane kila anachoshika, na wiki chache zilizopita alitwaa mkasi akakikata katikati kitenge cha mteja. Alipoulizwa alisema, "Nakusaidia, mama." Mama alimchapa kwa rula ya mbao ya kupimia nguo. Mtoto alilia, kisha akarudi palepale kwa aliyemchapa, akaing'ang'ania kanga yake asiiachie. Usiku ule mama hakupata usingizi. Anauliza: "Kwa nini mimi tu? Je, mwanangu hanipendi? Na mimi, mbona asubuhi nyingine nikisikia ameamka moyo unashuka, je, upendo wangu umekwisha?" Mama mkwe wake amemwambia kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na kwamba fimbo haijatosha.

Jibu:

Mama, umeuliza mambo mawili kana kwamba ni mamoja, yaani utundu wa mtoto na upendo wenu, na nadhani maumivu yako mengi yanatokana na kuyachanganya hivyo. Nitaanza na lile la "kwa nini mimi tu", kwa kuwa limefanyiwa utafiti wa siku nyingi, na sehemu muhimu ya utafiti huo ilifanyika kwa jirani zetu.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala pamoja na mume wake, na kwa miezi kadhaa akawa anatembelea nyumba za akina mama wa Kiganda katika vijiji vilivyo karibu na mji, akiwa na mkalimani, akikaa nao sebuleni na kutazama watoto wachanga wanavyoishi na mama zao. Matokeo yake aliyachapisha katika kitabu mwaka 1967. Jambo alilolibaini pale, ambalo baadaye limethibitishwa katika nchi nyingi, ni kwamba mtoto humtumia mama yake kama makao ya kuondokea na kurejea: hutambaa hadi mlangoni, hugusa kuku, hugeuka kuhakikisha mama bado yupo, huenda mbali zaidi, na kitu kikimtisha hurudi mbio. Watoto ambao mama zao walikuwa wepesi kuzitambua ishara zao ndio waliolia kidogo na kuzurura kwa ujasiri zaidi. Ujasiri ule, ukiutazama kwa macho ya mtu anayetaka kufagia nyumba, ni utundu mtupu.

Sasa mtazame mwanao akiwa chekechea. Kwa saa nne au tano anakaa kwenye mkeka au benchi, anasubiri zamu yake ya uji, hachukui kalamu ya mwenzake, hajibu mwalimu, haendi chooni mpaka aruhusiwe. Kwa mtoto wa umri wake hiyo ni kazi nzito sana, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo inayozuia mkono usifanye kile moyo unachotaka ndiyo kwanza inaanza kujengeka, na ujenzi wake huendelea mpaka mtu anapita miaka 20. Anapofika nyumbani nguvu za kujizuia zimekwisha, na mbele yake yupo mtu mmoja ambaye ana uhakika kuwa hatamwacha hata akiharibu. Kwa mwalimu hana uhakika huo. Kwa bibi yake Kilosa anao kiasi, ila kule yeye ni mgeni, ameandaliwa wali na kuku, na bibi hana cherehani ya kushindana naye. Kwako ndiko anakoumwaga uchovu, wivu, njaa na hasira za siku nzima. Najua hii si tuzo ambayo mzazi angeiomba, lakini mtoto asiyempenda mama yake hafanyi hivyo. Humkwepa, humnyamazia, au hujifanya mwema kwa woga. Wewe mwenyewe umeandika kwamba baada ya kumchapa alirudi akaishika kanga yako. Mtoto aliyeumizwa na kutishika hukimbilia penye usalama, na kwa hesabu zake za ndani penye usalama ni kwako, hata siku ambayo anayemtisha ni wewe.

Tuzungumzie huo mkasi, kwa sababu nimeisoma sehemu hiyo ya barua yako mara kadhaa na ninaona umeipita haraka mno. Mtoto anashinda barazani akimwona mama yake anatandaza kitenge, anachora kwa chaki, anakata, na watu wanakuja kumsifu na kumlipa kwa ajili ya kukata huko. Siku mama ameingia ndani kumnyonyesha mdogo wake, kitenge kimebaki mezani na mkasi juu yake. Alikata katikati kwa sababu ndipo mkono wake mfupi ulipofika, na alipokwambia "nakusaidia" alikuwa anasema kweli. Hasara ni hasara, kitenge cha watu kimeharibika na umelazimika kukilipa, sipuuzi hilo hata kidogo. Ila kosa alilochapiwa, kwa macho yake yeye, lilikuwa jambo jema kuliko yote aliyoyafanya siku ile, na sidhani kama alielewa funzo la rula lilihusu nini. Kwa mtoto wa umri huo si rahisi kutofautisha kitenge cha mteja na kitenge cha mama vikiwa kwenye meza moja. Anajua kukata, hajajua vizuri kipi ni mali ya nani.

Kumnyang'anya mdogo wake vitu ni suala jingine, na hilo kweli ni wivu. Katika barua yako umeandika kwa kupita tu kwamba "zamani hakuwa hivi", na ukirudisha kumbukumbu nadhani utakuta kwamba hiyo "zamani" inaishia pale binti alipozaliwa. Kwa zaidi ya miaka mitatu mgongo wako na paja lako vilikuwa vyake peke yake. Ghafla akaambiwa yeye sasa ni kaka mkubwa, cheo ambacho hakukiomba na ambacho hakina faida yoyote anayoiona. Watoto wengi katika kipindi hicho huanza tena kukojoa kitandani, huongea kitoto, au hudai ziwa walilokwisha kuachishwa. Wengine huona kuwa mama akiwa na mtoto mchanga mkononi, njia ya haraka ya kumfanya ageuke ni kufanya jambo ambalo hawezi kulipuuza.

Hapo ndipo ninapotaka ujichunguze bila kujilaumu. Gerald Patterson, mtafiti wa Marekani aliyetumia miaka mingi huko Oregon kuzichunguza familia zenye watoto wakorofi, alionyesha kuwa mzazi na mtoto hufundishana tabia mbaya pasipo kujua. Wewe una kazi ya watu yenye tarehe. Mtoto akicheza kimya na vifuniko vya soda, unashukuru Mungu na kukanyaga cherehani, hakuna anayemtazama. Akipiga sufuria, unainua kichwa. Akiendelea, unamwita kwa jina lake lote. Akizificha bobini, unasimama kabisa, unamfuata, unamshika mkono, unamwangalia machoni. Yeye hajali sana kama macho hayo ni ya upole au ya hasira, anachojua ni kwamba yamekuja. Na kwa kuwa wewe unachoka na mara nyingine unampa pipi au simu ili anyamaze, anajifunza pia kwamba akivumilia kelele kwa muda wa kutosha atalipwa. Si ujanja wa kishetani, kama nilivyowahi kusikia watu wazima wakisema juu ya watoto wa miaka minne. Ni kujifunza kwa kawaida, kwa njia ileile aliyojifunza kufungua mlango.

Njia ya kutoka humo ni kuanza kumlipa kabla hajadai. Kabla hujakaa kwenye cherehani, mlaze binti au mpe jirani amshike, kisha kaa chini na kijana wako kwa dakika kumi, simu ikiwa mbali, mkifanya kile alichokichagua yeye. Dakika kumi ni chache kwako, lakini kwa mtoto ambaye hajapata hata moja isiyo na mdogo wake ndani yake, ni nyingi sana. Baada ya hapo mpe kazi ya kweli barazani: kikapu chake cha mabaki ya vitambaa, mkasi mdogo wa watoto usio na ncha, na jukumu la kukukabidhi vifungo kwa rangi unayoitaja. Mkasi wako mkubwa, sindano na chupa ya mafuta ya cherehani viwekwe kwenye msumari au kabati, juu asikofika, kwa maana mtoto wa umri huu haonywi na maneno pekee, na ni rahisi zaidi kuhamisha mkasi kuliko kuuhamisha udadisi wake. Akikaa kimya akikata vipande vyake, usimwache na ukimya wake kama zawadi kwako. Mwambie ulichokiona, kwa jina: "Umenipa vifungo vyote vya bluu bila kuangusha hata kimoja." Utaona inakuchosha kusema hivyo wiki ya kwanza, kwa kuwa hatukuzoea, wengi wetu tulilelewa na watu waliotusifu mbele ya wageni tu.

Na akikosea? Atakosea, hata kesho. Ya kupuuzwa yapuuze kwa dhati, yaani usigeuke kabisa. Ya kuumiza mtu au kuharibu mali yasimamishe kwa mkono wako, shuka hadi usawa wa macho yake, sema sentensi moja fupi, kisha kosa lizae matokeo yanayofanana nalo. Aliyemwaga unga azoe unga kwa kibeleshi pamoja na wewe, hata kama atazoa vibaya. Aliyempokonya mdogo wake kijiko akirudishe mwenyewe mkononi mwake. Atalia, na mwache alie mpaka amalize, ukiwa karibu naye.

Hapa ndipo methali ya mama mkwe wako inapopata mahali pake, na ningependa umjibu kwa heshima kwa kutumia methali ileile. Anayeogopa mtoto kulia ndiye anayempa pipi ili anyamaze na kumwondolea kila kizuizi, na kweli huyo atakuja kulia mwenyewe. Lakini methali haikutaja fimbo. Mtoto anaweza kukataliwa, akalia nusu saa, akazoa unga wake huku kamasi zinamtoka, na asiguswe hata kwa kidole. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti za miaka 50 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000 kuhusu kuchapwa kwa mkono nyumbani, na hawakukuta kwamba kuchapwa kunaendana na utii zaidi. Walikuta kunaendana na ukorofi zaidi, ugomvi zaidi na uhusiano dhaifu zaidi kati ya mtoto na mzazi. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo, ingawa haijamzuia mzazi kumrudi mwanawe, inasema hakuna adhabu inayokubalika kwa mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa kusudi la adhabu hiyo, na nimekwisha kueleza kwa nini naamini siku ya kitenge ilikuwa siku ya namna hiyo. Kwa mama mkwe usiende na sheria, utaanzisha vita ya ukoo. Mwombe akae naye mchana mmoja barazani huku wewe ukishona. Mara nyingi bibi aliyekabidhiwa mjukuu kwake, mahali penye nafasi na kuku wa kukimbiza, hajui baraza lenye sindano likoje.

Sasa nije kwenye upendo wako. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyewahudumia maelfu ya akina mama na watoto wao, aliandika mwaka 1949 jambo ambalo wengi hawakutaka kulisikia: kwamba mama wa kawaida kabisa, anayempenda mwanawe, pia humchukia nyakati fulani, na akaorodhesha sababu zake moja baada ya nyingine, zikiwemo hatari ambayo mimba na uzazi huuletea mwili wa mama, na mtoto anayekikataa chakula cha mama kisha akala vizuri kwa shangazi. Hakuliita ugonjwa wala dhambi. Alichokistaajabia ni uwezo wa mama kuibeba chuki hiyo bila kumlipizia mtoto, akisubiri malipo ambayo huenda yasije. Moyo wako unaposhuka asubuhi, huo ni mwili uliochoka unaokadiria kazi ya siku. Mapenzi hayapimwi kwa unavyojisikia saa kumi na mbili asubuhi baada ya kunyonyesha mara tatu usiku.

Yanapimwa, kama kuna kipimo, kwa kurudi. Edward Tronick, aliyewapiga picha za video akina mama na watoto wachanga tangu miaka ya 1970 na kuzitazama polepole sekunde kwa sekunde, aligundua kwamba hata kwa wale wanaoelewana vizuri, muda mwingi mama na mtoto wanapishana: huyu anatabasamu yule anatazama pembeni, huyu anataka kucheza yule amechoka. Kilichowafaa watoto hakikuwa mama asiyepishana nao, bali kule kupatana tena baada ya kupishana, mara nyingi kwa siku, mpaka mtoto akajua moyoni kwamba kuharibika kwa mambo si mwisho wake. Mtoto wako mtundu amepata nafasi nyingi kuliko watoto wengine za kujifunza hilo, mradi kila mara mnarudi.

Na wewe unarudi, mama. Mwishoni mwa barua, katika kulalamika kwamba kijana hataki kuvaa nguo nyingine, umetaja kaptula uliyomshonea kwa kipande kizima kilichobaki cha kitenge kile ulichokilipa. Hukueleza kwa nini ulimshonea. Uliandika tu kwamba anaivaa kila siku hata ikiwa haijafuliwa. Mtu aliyeacha kumpenda mwanawe angekiuza kipande kile kwa watengeneza mikoba, au angekihifadhi kama ushahidi wa kesi.

Kilichobaki kufanyika kwa habari ya rula ni kuzungumza naye. Najua katika desturi zetu mzazi kumwomba radhi mtoto huonekana kama kujishusha, na wapo watakaokuambia atakupanda kichwani. Sikubaliani nao. Wakati mzuri ni akiwa ametulia, labda unapomwogesha jioni, na maneno yawe machache: "Siku ile ya mkasi mama alikasirika sana, akakuchapa, ukaumia. Haikuwa vizuri kukuchapa. Mkasi mkubwa ni wa mama, wako ni huu." Usiongeze "lakini na wewe". Akibadilisha mazungumzo na kuanza kusimulia habari za panya, amekusikia.

Hutafanya haya yote kila siku, na mume wako aliye safarini na malori anapaswa kubeba sehemu yake hata kwa simu, kwa kuzungumza na kijana kila jioni juu ya kitu kingine kisichokuwa makosa yake. Angalia pia usingizi wa mtoto. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne alale jumla ya saa 10 hadi 13 kwa siku, na asitazame skrini zaidi ya saa moja. Watoto wengi ninaoletewa kwa ukorofi wanalala saa nne usiku wakiangalia katuni na kuamshwa saa kumi na mbili. Sioni katika maelezo yako dalili za tatizo la umakini, kwa sababu tatizo hilo huonekana chekechea na nyumbani pia, wala halichagui mama. Ningekuwa na wasiwasi kama angekuwa haelewi maelekezo mepesi, haitiki unapomwita akiwa amekupa mgongo, anakula udongo, au anawaumiza wanyama na watoto wengine bila kujali kilio chao.

Wasiwasi wangu mdogo ni juu yako. Umeandika kuhusu kukosa usingizi hata watoto wakiwa wamelala, na kuhusu asubuhi zilizo nzito, ukiwa na mtoto wa miezi minane. Inaweza kuwa uchovu tu, na inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ambayo huweza kuendelea kwa mwaka mzima na zaidi mama akiendelea kupika na kushona kama kawaida. Mwezi ujao utampeleka binti kliniki kwa chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa. Nenda na kaka yake pia, mwombe muuguzi amwangalie masikio na wekundu wa damu, na kabla hujaondoka, mtoto akiwa mikononi mwako, mwambie muuguzi huyo sentensi ileile uliyoniandikia mimi kuhusu moyo wako asubuhi.